Ubavu wa Chini

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata aliyenisimulia mimi hakupenda kuulizwa, palikuwa na msitu ukiitwa Ilomelo. Ndani ya msitu palikuwa na kisima, na kando ya kisima palikuwa na nyumba moja. Nyumba moja, mafiga matatu, mwanamke mmoja. Mwanamke huyo aliitwa Nyamizi.

Mumewe, Shija, alikuwa mwindaji. Alipokufa, watu wa kijiji cha Busumba walikuja wakalia, wakala, wakashiba, kisha wakamwambia, "Haya mama, funga mizigo twende kijijini. Mwanamke hakai porini peke yake."

"Kijijini nitakula nini?" Nyamizi akauliza.

"Utalima."

"Na nitasikia nini?"

Hapo wakaanza kuokota fimbo zao, maana Busumba ilijulikana kwa umbea kuliko kwa mtama. Wakaenda zao. Nyamizi akabaki.

Akabaki akiwinda. Alitega vitanzi vya kanga na digidigi, alirina asali, na upinde wa marehemu aliuvuta mwenyewe mpaka mabega yakawa mapana. Alilala pale pale alipowinda, kwa hiyo alijua mambo. Alijua funo yupi anachechemea na kanga yupi analalia mayai. Digidigi mwenye mimba akipita njia ya kitanzi, Nyamizi alikiondoa kitanzi huku akinung'unika kwa sauti, "Pita basi, pita, usinicheleweshe nina kazi." Siku nyingine alilala njaa kwa ajili ya huruma hiyo, na asubuhi yake alijitukana mwenyewe matusi mazito.

Sasa sikieni desturi ya nchi ile, maana bila hiyo mtabaki mnanikodolea macho tu. Mnyama akiuawa, ubavu wa juu ni wa aliyemtoa damu ya kwanza. Kichwa ni cha mtemi, na hicho hakina ubishi hata kama mtemi hana meno. Ubavu wa chini, ule ulioangukia ardhi, ni wa mwenye makao, yaani yule aliyewasha moto wake na kulala juu ya ardhi ile. Haombi, analetewa. Tena aletewe na mkono wa mtu mwingine, maana mtu hawezi kuwinda mwenyewe akajipa heshima mwenyewe. Na mwenye makao akipitisha mavuno mawili bila kuletewa ubavu wa chini, basi ardhi imemsahau. Watu wanakuja, wanang'oa mafiga yake, wanayatupa kijitoni, na mahali pale panakuwa pa yeyote. Mmeelewa? Kama hamjaelewa mwulizeni jirani, mimi naendelea.

Pale Busumba alikuwepo mwindaji mkuu, jina lake Masele. Alikuwa mkuu kwa maneno yake mwenyewe. Alivaa kofia ya manyoya ya shingo ya pundamilia, akatembea na mbwa saba na wanaume wanane, na shingoni alining'iniza hirizi kumi na moja: ya simba, ya chui, ya nyoka, ya mkwe mkorofi, na moja ambayo hata mganga mwenyewe alikuwa amesahau ni ya nini. Masele aliitaka Ilomelo. Aliitaka iwe wazi, aingie kwa moto na mbwa siku apendayo, asikutane na mwanamke njiani anayemwambia, "Huyo mwache baba, ana mtoto."

Kumfukuza Nyamizi hakuweza, desturi ilimkataza. Basi akafanya nini? Akaamua kumnyima ubavu. Lakini kumnyima nako ni kuvunja desturi. Basi akafikiri, akafikiri mpaka kofia ikapata jasho, akapata akili ambayo ni watu wa Busumba tu wangeweza kuipata. Kama mnyama hataanguka Ilomelo, ubavu wa chini wa Ilomelo utatoka wapi?

Ndipo mambo yakaanza. Masele alipiga tandala ndani ya Ilomelo. Tandala akayumba, magoti yakaanza kulegea. "Mshikeni!" Masele akapiga kelele. "Asianguke!" Wanaume wanane wakamrukia mnyama anayekata roho, huyu pembe, huyu mguu, huyu mkia, wakambeba, wakambeba, wakambeba mpaka ng'ambo ya kijito, nje ya Ilomelo, wakamwangusha huko. Huko ng'ambo alikaa shangazi yake Masele. Ubavu wa chini ukaenda kwa shangazi, na shangazi hakula peke yake.

Mwezi uliofuata wakapiga kuro. Wakambeba, wakambeba, wakambeba mpaka ng'ambo. Wakapiga ngiri, wakambeba vilevile. Wakapiga tandala wa pili, kumbe yule hakuwa amekufa sawasawa. Katikati ya kijito akazinduka, akawapiga mateke, akavunja meno ya watu wawili, kisha akapotea zake. Wale wawili walirudi nyumbani vinywa vimevimba, na wake zao walipouliza wamefanywa nini, mmoja alijibu, "Tulikuwa tunamsindikiza."

Nyamizi alitazama yote hayo akiwa nyuma ya mti. Mara ya kwanza alicheka mpaka akashika tumbo. Mara ya pili alitabasamu. Mara ya tatu hakucheka. Mavuno ya kwanza yakapita, hakuletewa kitu. Akaanza kuamka asubuhi na kuyatazama mafiga yake matatu, akiyagusa moja moja kwa mkono, na roho ilimwuma.

Palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiyatazama mafiga yale kwa mbali. Huyu ni Mhoja, mdogo wake marehemu Shija. Mhoja alizaliwa pale kisimani. Kitovu chake kilizikwa pale, na kisima chenyewe kilichimbwa na baba yake. Alihamia Busumba akiwa kijana kwa sababu ya siafu, ndivyo alivyosema mwenyewe. Watu wengine walisema ni kwa sababu ya pombe. Alipoona mavuno ya pili yanakaribia na shemeji yake hajaletewa ubavu, Mhoja akaja Ilomelo na kujenga kibanda cha vijiti, hatua mia moja kutoka kwa Nyamizi. Akajenga, lakini kulala halali. Kila asubuhi alikuja na kijinga cha moto, akawasha majani mabichi ili moshi uwe mwingi, akakaa hadi moshi upande juu ya miti na Busumba nzima iuone, kisha akarudi kijijini kunywa uji.

"Shemeji," Nyamizi akamwambia siku moja, "mbona hulali?"

"Nalala kwa moyo, shemeji. Mwili una homa."

"Na moto wako mbona hauna chungu? Hata uji hupiki."

"Huu si moto wa uji," Mhoja akasema, akifuta machozi ya moshi. "Huu ni moto wa ushahidi."

Nyamizi akachukua upinde wake. Akaenda kuangalia vitanzi.

Haya. Mle Ilomelo aliishi nyati dume, mzee, peke yake. Nyamizi alimwita Mkwe, kwa sababu alikuja bila taarifa, akanywa bila kusalimu, akaondoka ameacha uchafu. Miaka mitano Mkwe alikunywa kwenye kisima kile. Miaka mitano walipishana, yeye na ndoo yake, nyati na kiu yake, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Nyamizi hakuwahi kumwinda. Alisema nyati ni mkubwa mno kwa mtu mmoja, nyama ingeoza. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Alimzoea. Jioni Mkwe asipokuja, Nyamizi alichelewa kuingia ndani.

Mwaka ule mvua zilikuwa chache na nyasi zikakauka mapema. Asubuhi moja Nyamizi akakuta kinyesi cha Mkwe njiani, akakipasua kwa kijiti, kama afanyavyo mwindaji yeyote anayetaka kujua mnyama amekula wapi. Ndani mlikuwa na punje za mtama. Ilomelo yote haina shamba la mtama.

"Ee Mkwe wewe," akasema, "unakwenda kula kwa watu."

Alijua la kufanya. Aende Busumba aseme. Lakini alijua pia watakuja na moto na mbwa, na hawataishia kwa Mkwe. Akasema, nitakwenda kesho. Kesho ikafika, akasema kesho. Labda mvua itanyesha, labda ataacha. Akasema kesho mara nne.

Siku ya tano alfajiri, kijana mmoja wa Busumba alikwenda kufukuza ndege shambani kwa mama yake. Badala ya ndege akamkuta nyati. Akapiga makofi, akapiga kelele, kama anavyofanya mtu akikuta ng'ombe wa jirani. Nyati akamtia pembe. Kijana yule aliitwa Ndaki, mdogo wake Masele, baba mmoja mama mmoja. Alikufa siku ya tatu.

Nyamizi alikwenda msibani. Alikaa na wanawake, akalia, na kilio chake hakikuwa cha uongo. Aliporudi hakula. Kesho yake asubuhi akasikia mbwa wa Masele wanakuja. Akasimama. Akakata tawi la mti lenye majani, akaanzia pale kijitoni, akafuta nyayo za Mkwe moja baada ya nyingine, mpaka kwenye matete alikolala nyati yule. Kwa nini alifanya hivyo? Alikuwa na hofu, na alikuwa na aibu, na hakutaka kuuona msitu ule ukiwaka. Masele akafika, akazunguka, hakuona kitu, akarudi na macho mekundu. Siku hiyo hata kofia hakuvaa.

Zikabaki siku mbili mtama wa Busumba uvunwe, yaani zikabaki siku mbili mafiga ya Nyamizi yang'olewe. Ndipo Masele akarudi, na safari hii upepo ukamsaidia. Mbwa wakanusa, nyati akatoka kwenye matete, Masele akapiga mshale. Na ulikuwa mshale mzuri, tusimnyime mtu haki yake. Ulizama nyuma ya bega, na sumu yake ilikuwa mbichi. Damu ya kwanza ikatoka.

Hapo mwindaji yeyote mwenye akili timamu angepanda mti akasubiri sumu ifanye kazi. Lakini Masele alikuwa ameshazoea. "Ng'ambo!" akapiga kelele. "Mpelekeni ng'ambo, asianguke huku!" Na wale wanaume wanane, msicheke, wakaenda mbio kumzunguka nyati mwenye jeraha wamswage kama mbuzi wa mnadani. Nyati akageuka. Kufumba na kufumbua, msitu ule ulikuwa umezaa wanaume, wawili wawili kila mti. Masele alikuwa juu kuliko wote na hirizi zake kumi na moja, kofia iko chini, nyati ameikanyaga.

Upande wa pili Mhoja alikuwa akipuliza moto wake wa ushahidi. Nyati akauona moshi, akamwona na mtu. Mhoja akatoka mbio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikimbilia ndani ya Ilomelo badala ya kijijini. Palikuwa na mininga miwili iliyoota karibu karibu. Mhoja akapita katikati. Pembe ikamkuta mguuni, mguu ukavunjika, akaanguka ng'ambo ya mininga akipiga mayowe. Nyati akamfuata, akajitupa katikati ya ile miti kwa nguvu zake zote, na mabega yakanasa. Mbele haendi, nyuma harudi. Anampumulia Mhoja usoni, hatua mbili tu, na Mhoja hana mguu wa kuondokea.

Nyamizi akaja na mkuki wa Shija. Alifika ubavuni mwa nyati, akasimama. Miaka mitano hawakuwahi kukaribiana hivyo.

"Mkwe," akasema, "sikukuambia ukale mtama wa watu."

Akauzamisha mkuki. Haikuwa mara moja, alirudia, na kila aliporudia alilia waziwazi bila kujificha. Nyati akatoa sauti moja nzito, akatulia. Amekufa, lakini amesimama, miti miwili imemshika huku na huku.

Wanaume wakashuka mitini, kila mmoja akieleza kwamba alipanda ili aone vizuri. Masele akaokota kofia yake, akaikung'uta, akamzunguka nyati mara mbili. Kisha akaanza kutabasamu.

"Jamani," akasema, "mnyama huyu hajaanguka."

Wakatazama. Kweli, hajaanguka. Tumbo liko juu ya ardhi shibiri mbili. Ubavu wa kulia uko hewani, na wa kushoto vilevile.

"Hajaanguka, basi hana ubavu wa chini. Hana ubavu wa chini, basi hakuna wa kuletewa. Leteni kamba! Leteni magogo! Mwegemezeni asije akateleza!"

Wakamfunga nyati maiti kwa kamba za magome, wakamwegemeza magogo kila upande, mmoja hata akamshika mkia asiondoke. Nyamizi akamwambia Masele, "Baba, huoni haya?" Masele akasema, "Haya ni ya wasiofiwa, mama. Mimi nimefiwa ndugu, nina hasira." Neno hilo lilimchoma Nyamizi mahali anapopajua yeye.

Wakapeleka habari kwa mtemi. Mtemi Kisandu alikuwa hajawahi kuingia Ilomelo kwa sababu ya kupe. Lakini kichwa cha nyati si kitu cha kuletewa na watu wenye tamaa, kwa hiyo akaja, amebebwa kwenye machela, miguu juu. Akafika saa za alasiri. Akaona nyati amesimama na kamba kama nyumba inayojengwa, akaona mwanaume amelala mguu umefungwa vijiti, akaona mwanamke mwenye damu mikononi.

"Nani mwenye makao hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema Nyamizi.

"Mimi," akasema Mhoja kutoka chini.

"Hakuna," akasema Masele.

Mtemi akakuna shingo, akitafuta kupe. "Maneno ya watu siwezi kuyala," akasema. "Mtu aliyekaa mahali anawajua waliopo mahali pale. Niambieni habari za huyu nyati. Atakayemjua, ndiye anayekaa naye. Anza wewe uliyelala."

Mhoja akajiinua kwa kiwiko. "Huyu nyati, Mtemi, ni nyati wa siku nyingi. Mkali sana. Anapenda... anapenda majani. Nami namjua, maana ameniumiza."

"Na wewe?"

"Mimi najua kuwa amekufa," akasema Masele, "na najua aliyemwua ni mshale wangu."

"Na wewe mama?"

Nyamizi akafungua kinywa. Alikuwa nayo yote. Alijua pembe ya kushoto ilivunjika mwaka wa nzige. Alijua kwato ya nyuma ina ufa. Alijua anakolala, saa anayokunywa, jicho lipi halioni vizuri. Angeweza kusema hadi jua lizame, na mafiga yake yangekuwa salama. Lakini aliona pia maneno hayo yanakokwenda. Anayejua nyati analala wapi, anajua alikuwa akila wapi. Mtemi angeuliza. Au asipouliza mtemi, Masele si mjinga kiasi hicho.

Angeweza kusema nusu. Akamtazama Masele, akaona shingoni mwake, kati ya hirizi, kipande cha ukanda wa ngozi aliokuwa akivaa Ndaki. Basi akasema yote. Akasema pembe, akasema kwato, akasema matete. Akasema, "Na mtama niliuona kwenye kinyesi chake siku nne kabla Ndaki hajatiwa pembe. Kila siku nilisema nitakuja kuwaambia. Sikuja. Na mlipokuja na mbwa baada ya msiba, nyayo zake nilizifuta mimi, kwa tawi."

Yule aliyeshika mkia akauachia.

Masele hakupiga kelele. Na mimi niliyemcheka tangu mwanzo, hapa namwacha kidogo. Alisema kwa sauti ndogo, "Ulikuja ukakaa na mama yangu. Ulimshika mkono."

"Ndiyo, baba. Nilimshika."

"Basi kama yeye ndiye mwenye makao," Masele akamgeukia mtemi, "mwenye makao ajibu kwa damu ya ndugu yangu!"

"Mimi nimekuwa nikisema siku zote," Mhoja akadakia upesi, "kwamba mimi ni mtu wa Busumba. Huku napita tu."

"Habari ya damu ina siku yake," akasema mtemi. "Leo tunagawa nyama."

"Basi nilizaliwa hapa," akasema Mhoja.

Wakati huo huo, kamba za magome, ambazo zilifungwa na watu wenye haraka, zikakatika. Gogo likateleza. Nyati akayumba, mti mmoja ukamwachia, na wanaume wawili wakaruka kumdaka kwa mazoea. Hawakumweza. Akalala chini kwa kishindo, ubavu wa kushoto juu ya ardhi ya Ilomelo. Sasa kuna ubavu wa chini, na hakuna mwenye hila nyingine.

Mtemi akasema, "Semeni kwa mara ya mwisho."

Akasema Masele, "Damu ya kwanza ni yangu. Ubavu wa juu ni wangu, siuombi. Lakini wa chini msimpe mtu yeyote. Nimewabeba wanyama ng'ambo, nakubali. Nimekuwa mwizi wa heshima ya mtu miaka miwili. Lakini mimi nawinda kwa ajili ya nyumba ishirini, yeye anawinda kwa ajili ya chungu kimoja. Amekaa na muuaji wa ndugu yangu akimpisha kisimani. Makao ya namna hiyo yafungwe, mafiga yang'olewe, msitu uwe wa watu wote."

Akasema Mhoja, "Kitovu changu kiko chini ya mti wa miiba ule pale. Maji mnayokunywa yote hapa aliyachimba baba yangu kwa mikono yake. Silali huku, kweli, lakini mtu akilala safarini nyumba yake haigeuki kuwa ya mgeni. Huyu mama aliletwa hapa na ndoa, mimi nililetwa na uzazi. Na kama mimi nisingekimbia, nyati asingenasa. Ardhi hii imeshakula mguu wangu. Inanidai nini tena?"

Akasema Nyamizi, "Mimi nalala hapa. Mvua ikinyesha inanilowesha hapa, njaa ikija inanikuta hapa. Wanyama mnaokuja kuwapiga wapo kwa sababu kuna mtu aliyewaacha wazae. Nilimficha mmoja na mtu amekufa, na sitasema sikujua. Ni kosa langu, nitalibeba. Lakini hata kosa lenyewe lisingekuwa langu kama nisingekuwa nakaa hapa. Aliyelala Busumba alifuta nyayo zipi?"

Mtemi Kisandu akatoa kisu chake. Kwanza akakata kichwa, akakiweka kwenye machela, maana hicho hakina ubishi. Kisha akakata ubavu wa chini, mzima, mzito, bado una vumbi la Ilomelo. Akauinua kwa mikono miwili. Akamtazama mwanamke, akamtazama aliyelala, akamtazama mwenye kofia. Akakohoa. Akasema tumbo linamsumbua. Akamkabidhi ubavu ule mtu wa karibu naye, akapanda machela, akabebwa na kichwa chake, vyote viwili.

Yule mtu wa karibu hakujua ampe nani, akampa mwenzake. Mwenzake akampa mwenzake. Umepita mkono hata mkono mpaka umenifikia mimi, nimechoka kuushika, na sasa naunyoosha kwenu. Wewe uliye pale mbele unayecheka, wewe unakula nyama ya msitu gani, na nani analala huko? Haya, pokea. Mtama unavunwa kesho kutwa, na watu wa kung'oa mafiga wameshafika mlangoni kwa Nyamizi, wamesimama, wanakusubiri wewe useme.

Je, ubavu wa chini alistahili nani?